Kupaka gari rangi mwenyewe kwa shilingi 11,350

Nimepotea kidogo, naomba radhi. Niliahidi sehemu ya tatu ya mafunzo ya hifadhidata, nayo itakuja, lakini leo nataka kuandika juu ya rangi. Si zile rangi tunazoandika kwa alama ya reli na tarakimu sita. Nasema rangi ya kopo, ile inayonuka na kuganda kwenye kucha.

Sababu ni hii. Kwenye simu yangu nina picha ya pikapu ya baba, Peugeot 504, ikiwa imesimama chini ya mparachichi nyumbani kwetu Matete, kaunti ya Kakamega. Kila ninayemwonyesha anauliza ni gereji gani iliyopiga spirei. Hakuna gereji, hakuna spirei. Ni mimi, rola ndogo za sponji, kopo moja la rangi ya mafuta ya kupaka milango na madirisha, na baba yangu akiwa na chaki mkononi. Hiyo chaki nitaieleza, maana bila yake hadithi hii itakuwa ya uongo.

Pikapu yenyewe

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu. Pikapu aliinunua mwaka wa 1998 kutoka kwa mtu, ikiwa nyeupe. Wenye umri wangu mnazikumbuka 504. Ndizo zilizoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na ndugu zao warefu wa abiria ndio waliokuwa wakitubeba safari za mbali, tumebanana magoti kwa magoti.

Kwetu ilibeba miwa, mahindi, mbolea, maharusi na majeneza. Usiku ilikuwa ambulensi. Mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, hodi ilipigwa kwetu: "Mwalimu, amka, mambo yameiva." Kuna watoto kama wanne pale kijijini waliojaribu kuzaliwa ndani ya ile pikapu, na mmoja alifaulu. Siku hizi yuko sekondari :-)

Kisha macho ya Mwalimu yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa 2022 akaacha kuendesha. Pikapu ikaegeshwa kando ya ghala la mahindi na kutu ikaanza kula. Mdogo wangu alikuwa akiiwasha mara moja kwa wiki ili betri isife. Injini haikuwa na neno. Lakini bodi! Madigadi ya kushoto ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na boneti ilikuwa imebabuka kama mgongo wa mtu aliyelala juani.

Julai 2024 akapita mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaizunguka, akataja shilingi 45,000. Baba akanipigia simu akasema anafikiria kukubali.

"Imechakaa," akasema. "Watu wanaiona ni aibu."

Yeye mwenyewe hakuwa akiiona. Alikuwa akisikia watu wakisema. Nikamwambia asiuze, nitakuja Agosti niipake rangi. Akacheka. "Wewe wa kompyuta?"

Kwa nini si gereji

Gereji moja ya mjini Webuye ilitutajia shilingi 75,000 kwa kila kitu. Sisemi ni wizi. Baada ya kuifanya kazi hii kwa mikono yangu najua kila shilingi inaenda wapi. Lakini sikuwa nazo, na ni vigumu kutia 75,000 kwenye gari ambalo soko linasema ni 45,000.

Nikafanya kile ambacho sisi hufanya tukikwama: nikatafuta kwenye intaneti. Kumbe Wamarekani na Wakanada wamekuwa wakipaka magari yao kwa rola tangu miaka ya 2000. Wanatumia rangi za kuzuia kutu kama Rust-Oleum na Tremclad, wanazipunguza uzito, wanapaka tabaka nyembamba nyingi na kupiga msasa katikati. Rangi hizo ni za jamii ya alkidi. Na hapa kwetu alkidi ipo kila duka la vifaa vya ujenzi: ni ile rangi ya mafuta yenye kung'aa, ya milango, madirisha na mageti. Geti linapigwa na jua na mvua miaka kumi bila kulalamika. Kwa nini gari lisivumilie?

Je, rola kwenye gari si uchafu?

Nilidhani hivyo pia. Lakini historia iko upande wa brashi. Magari ya mwanzo yalipakwa kwa mkono, kama mikokoteni ya farasi ilivyokuwa ikipakwa kabla yao, na kazi ya kupaka na kukausha ilichukua wiki kadhaa. Viwanda havikuweza kungoja. Ford Model T ilitoka kwa rangi nyeusi pekee kuanzia 1914 hadi 1925. Mabadiliko makubwa yalikuja pale kampuni ya DuPont ilipotoa rangi iitwayo Duco, na General Motors ikaitumia kwenye magari yake ya Oakland ya mwaka wa 1924. Duco ilikauka kwa muda mfupi sana na ilifaa kupulizwa kwa hewa.

Kwa hiyo spirei ilishika kasi kwa sababu kiwanda kina haraka. Mimi sina kiwanda. Nina likizo.

Sasa kidogo tu cha sayansi, msinikimbie. Duco na jamaa zake hukauka kwa thina kuruka hewani, basi. Alkidi hukauka mara mbili. Kwanza tapentaini inaruka, kisha rangi yenyewe inavuta oksijeni kutoka hewani na chembe zake zinashikana. Hatua hiyo ya pili inachukua siku nyingi. Faida yake ni kwamba rangi inapata muda wa kujilaza, alama za rola zinapotea zenyewe. Hasara yake ni kwamba ukipaka tabaka jipya wakati lile la chini halijakauka sawasawa, tapentaini mpya inapenya, inalivimbisha, na uso wote unakunjamana.

Kumbukeni hiyo hasara. Mimi niliisoma, nikaielewa, nikaipuuza.

Agosti 2024: toleo la kwanza

Nilifika Alhamisi jioni. Basi la kurudi Nairobi lilikuwa Jumatatu usiku. Siku nne. Mtu yeyote aliyewahi kuahidi programu kwa siku nne anajua mwisho wake.

Niliosha pikapu, nikapitisha msasa juu juu asubuhi moja, kutu nikaisugua kwa brashi ya waya hadi ilipoacha kudondoka. Sikuiondoa. Lile tundu la madigadi nililiziba kwa magazeti na fila. Ndiyo, magazeti. Tapentaini ikaisha Jumamosi, na badala ya kwenda Webuye nikatumia thina iliyokuwa imebaki ya fundi wa viti. Thina ile ni kali. Ilianza kuyeyusha hata tabaka nililopaka asubuhi.

Halafu ni Agosti, na ni Matete. Asubuhi jua zuri, saa tisa mvua. Tuliisukuma pikapu chini ya mabati, karibu na mahali mahindi yanapopukuchuliwa, na vumbi lote la makapi likatua kwenye boneti. Nikaona nimechelewa, nikawasha taa nikapaka usiku. Mvua ikiisha na taa ikiwaka, unajua ni nani wanakuja. Mwaka wa 1947 mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Harvard walimkuta nondo ndani ya mashine wakambandika kwenye daftari lao kama mdudu wa kweli. Mimi ningejaza daftari zima kwa mlango mmoja wa dereva.

Jumapili nilipaka tabaka la pili juu ya rangi isiyozidi saa sita. Ikakunjamana mbele ya macho yangu, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa.

Kufikia Jumatatu, ukisimama mbali, pikapu ilikuwa nyeupe. Ukikaribia, usiseme. Mdogo wangu aliitazama akasema, "Ni kama imepakwa uji."

Mwalimu akaja na fimbo yake. Akaweka kiganja kwenye mlango, akakipitisha polepole, akasimama.

"Hapa kuna kitu."

"Ni fila, Baba. Ikikauka itakaa sawa."

Akaenda kwenye boneti. "Na hapa?"

"Ni rangi mbichi tu."

"Lakini ni nyeupe?"

"Nyeupe kabisa."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Akatabasamu, akaomba simu, akamwambia yule mnunuzi wa vyuma kwamba gari haliuzwi tena. Majirani wakapita, wakatazama, wakasema hongera kwa sauti ile ya adabu. Usiku nikapanda basi.

Niseme wazi. Nimewahi kumpelekea mteja programu nikijua ina kasoro, nikiomba Mungu asibonyeze kile kitufe. Si jambo la kujivunia, lakini kwa mteja unaweza kusingizia muda na bajeti. Hapa nilimdanganya baba yangu kwa sababu moja tu: nilijua haoni.

Chaki

Novemba mwaka huo huo mdogo wangu alimpeleka Mwalimu Hospitali ya Macho ya Sabatia, kule Vihiga. Wakamfanyia upasuaji wa jicho la kwanza. Kesho yake bandeji ikatolewa, wakarudi nyumbani kwa matatu.

Haya yaliyofuata nilisimuliwa. Mama alikuwa amepika kuku, majirani wameketi wakingoja. Mzee hakuingia nyumbani. Alienda moja kwa moja hadi kwenye pikapu akasimama. Akaizunguka mara moja bila kusema neno. Kisha akaomba chaki.

Kwetu chaki haikosi, hata baada ya miaka yote hii. Alijaribu nyeupe, haikuonekana juu ya nyeupe. Akaletewa ya samawati. Akaanza kuchora miduara. Kila mkunjo, kila mdudu, kila povu la kutu lililokuwa limeanza kuinua kichwa. Kuku akapoa.

Mdogo wangu akanitumia picha. Nilikuwa kazini, kwenye mkutano. Nilihesabu miduara 47. Na kwenye mlango wa dereva, pale pale kiganja chake kiliposimama mwezi wa Agosti, hakukuwa na mduara. Kulikuwa na neno moja kwa mwandiko wa ubaoni: *Rudia.*

Nilimpigia jioni.

"Baba, nimeona picha."

"Na mimi nimeona gari."

Nikakosa la kusema.

"Nilikuuliza," akasema. "Mara mbili. Mkono wangu ulikuwa umeshaniambia. Nilikuwa nangoja mdomo wako."

"Niliona aibu, Baba."

"Haya. Njoo Januari, mvua ikiisha. Na usije kwa siku nne."

Januari 2025: toleo la pili

Nilienda kwa wiki tatu. Mchana rangi, usiku kazi ya ofisi kwa intaneti ya simu. Hivi ndivyo tulivyofanya, na kama unataka kujaribu, fuata hii, usifuate Agosti.

*1. Kuosha.* Sabuni na maji, kisha kitambaa chenye tapentaini gari zima. Mafuta na nta ya zamani vikibaki, rangi haishiki.

*2. Kuondoa.* Hii ndiyo kazi yenyewe. Ilichukua siku sita. Rangi yote iliyokunjamana ilitoka kwa msasa namba 80, kisha gari zima namba 240. Kutu unaiondoa hadi chuma king'ae. Ukiiacha kidogo chini ya rangi, inaendelea kula gizani. Piga msasa kwa maji, usipige mkavu: rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake halifai kuvutwa, hasa kama kuna watoto nyumbani. Yale magazeti ya madigadi nilichomoa kwa aibu. Fundi wa kuchomelea sokoni akaweka vipande viwili vya bati, kimoja hapo na kimoja chini ya mlango.

*3. Praima.* Red oksaidi, ile nyekundu ya mageti. Chuma kilicho wazi kisilale nje usiku bila praima. Umande wa usiku mmoja unatosha kuleta kutu mpya.

*4. Fila.* Kidogo, kwenye mibonyeo tu. Msasa uzungushie kipande cha mbao ili usichimbe mashimo kwa vidole. Na hapa ndipo Mwalimu alipochukua usukani. Nilikuwa naangalia kwa macho, naona ni sawa. Yeye alivaa soksi nyembamba mkononi, akafumba macho, akapitisha kiganja. "Hapa." Ninaangalia, sioni kitu. Napitisha mkono wangu, kweli, kuna mwinuko wa unene wa karatasi. Mafundi wa bodi wanaijua mbinu hii. Yeye hakufundishwa na fundi. Miaka miwili ya kutoona ndiyo iliyomfundisha.

*5. Kufunika.* Tepu ya karatasi na magazeti kwenye vioo, taa na mpira wa milango. Tulitumia Taifa Leo za zamani. Asubuhi moja nilimkuta Mwalimu amesimama mbele ya kioo cha mbele na mikono nyuma, nikadhani anakagua tepu. Alikuwa anasoma habari ya mwaka wa juzi, mstari kwa mstari, bila miwani. Nikarudi ndani kimya kimya nikamwacha amalize.

*6. Rangi.* Nilianza na sehemu tatu za rangi kwa moja ya tapentaini, nikaongeza kidogo kidogo. Isiwe kama uji, iwe karibu na maziwa. Chuja kwa stokingi kuukuu. Jaribu kwenye kipande cha bati: mapovu ya rola yakipotea yenyewe ndani ya dakika moja hivi, uko tayari. Paka sehemu moja kwa wakati, mlango mzima, kisha boneti nzima, usiache ukingo ukauke katikati. Ukimaliza kipande, gusa kwa ncha ya brashi laini isiyo na rangi, upande mmoja tu, bila kukandamiza.

Tabaka la kwanza litakuvunja moyo. Praima nyekundu inaonekana wazi kupitia nyeupe, kama shati lililofuliwa na soksi za shule. Usiongeze unene. Acha.

*7. Kungoja.* Tabaka moja kwa siku. Tulianza saa tatu asubuhi umande ukiwa umekauka, tukaacha kabla ya saa saba, kabla ya upepo na vumbi. Hakuna kupaka usiku. Tabaka tano kwa jumla. Baada ya la pili na la nne, siku nzima ya ziada ya kukauka, kisha msasa wa maji namba 600.

*8. Kung'arisha.* Hii usiifanye hapo hapo. Nilingoja hadi Pasaka, mwezi wa Aprili, rangi iwe imekuwa ngumu. Kisha msasa wa maji namba 1000, 1500, na dawa ya kung'arisha. Hapo ndipo watu wanapoanza kuuliza ni gereji gani.

Kila jioni Mwalimu alizunguka na chaki yake. Miduara 47 ikawa 19, ikawa 6, ikawa 2. Niliiweka orodha kwenye faili ya kompyuta, kila mduara na namba yake na tarehe ya kufungwa. Sijawahi kupata mkaguzi kama yule kazini. (Ukitumia mbinu hii, futa chaki yote kwa kitambaa chenye maji na uache pakauke kabla ya kupaka.) Ile miwili ya mwisho tuliiacha. Mmoja sikuufikia bila kung'oa kioo. Mwingine ni mbonyeo wa pembe ya ng'ombe wetu wa zamani, na Mama alikataa uondolewe.

Gharama

- Rangi ya mafuta nyeupe, lita 4: 3,200
- Red oksaidi, lita 2: 1,300
- Tapentaini, lita 5: 1,100
- Fila, kilo 1: 850
- Msasa, karatasi 24: 1,200
- Rola ndogo za sponji, 6: 900
- Brashi laini, 2: 400
- Tepu ya karatasi, 5: 650
- Sabuni, vitambaa, brashi ya waya: 450
- Fundi wa kuchomelea: 1,300

Jumla: shilingi 11,350. Ukitaka ukweli wote, ongeza karibu 6,400 nilizotupa Agosti. Saa za kazi sijazihesabu, na usizihesabu, utalia.

Maonyo machache

Ukishauriwa ununue rangi ya gereji yenye kikorokoro cha pili cha kuikazia uipulize nyumbani, kataa. Dawa hiyo ya kukazia huwa na kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo huweza kukuachia pumu ya maisha. Wanaoipuliza ipasavyo huvaa kifaa kinacholeta hewa safi kutoka nje. Barakoa ya kitambaa haisaidii.

Vitambaa vyenye rangi ya mafuta usivirundike pembeni. Kule kuvuta oksijeni niliyosema juu kunazalisha joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja.

Rangi ya gari imeandikwa kwenye logbook. Sisi tulirudia nyeupe ile ile. Ukibadilisha rangi, ni lazima usajili mabadiliko kwa NTSA, la sivyo utakuwa na maelezo marefu ya kutoa barabarani.

Na jua unachokipata. Ukiweka uso karibu na mlango wetu utaona vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Petroli ikimwagika hulainisha rangi hii. Karibu na kifuniko cha tangi tayari kuna doa. Paa limeanza kupoteza mng'ao, litahitaji kung'arishwa tena. Na siku ukipata pesa za gereji, fundi atalazimika kuiondoa yote kwanza, kwa sababu thina kali ya spirei itainyanyua kama ilivyonyanyua ya kwangu. Kwa gari jipya nisingefanya. Kwa gari ambalo lingekatwa vipande kwa shilingi 45,000, nitafanya hata kesho.

Mwisho

Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji baadaye mwaka wa 2025, nalo liko salama. Mwalimu anaendesha mchana hadi sokoni na kurudi. Usiku anaendesha mdogo wangu, na mzee anaketi kando. Hodi zimeanza kupigwa tena. Ya mwisho niliyosikia, mtoto alisubiri hadi wakafika hospitalini, jambo ambalo kwa pikapu ile ni maendeleo.

Siku niliyokuwa naondoka ile Januari, nilitoka na begi nikakuta Mwalimu ameshaandika kwenye mlango wa dereva, pale pale pa zamani, kwa ile chaki ya samawati. Alama ya vema, na chini yake: 7/10.

Nikamuuliza zile tatu zimeenda wapi.

"Agosti," akasema, akafungua mlango akanipeleka stejini.

Haya jamani. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata, naahidi.